Uzito wa Mwisho

Ofisini walimwita Mama Kwani, ingawa hakuwa na mtoto wa jina hilo wala wa jina lolote. Jina lilimganda kwa sababu ya mdomo wake. Mteja akisema anataka mfumo wa haraka, yeye huuliza, "Kwani haraka ni kiasi gani?" Mteja akisema taarifa iwafikie wakubwa, yeye, "Kwani wakubwa ni akina nani, na wakishaipata wanaifanyia nini?" Aliuliza kwa upole, kichwa kimeinama upande, kalamu imetulia, mpaka mtu aliyekuja na maneno mawili matatu anajikuta amekaa asubuhi nzima akieleza kazi yake kama hajawahi kupata msikilizaji. Wapo waliotoka wakinung'unika kwamba mama yule anachosha. Lakini wakija tena, yeye ndiye wanayemuulizia mapokezi.

Kampuni yao ilitengeneza programu za kompyuta, na ilikaa ghorofani juu ya duka la rangi, kiasi kwamba harufu ya tapentaini ilipanda nao ngazi kila asubuhi na kushuka nao jioni kwenye nguo. Yeye alikuwa mchambuzi wa mahitaji. Kwa maneno mepesi, kazi yake ilikuwa kujua mteja anataka nini hasa, kuliandika hitaji hilo lieleweke, na kulilinda lisipotee njiani kabla halijawafikia wanaoandika programu.

Chumba cha pili, kwa hao wanaoandika programu, alikaa mdogo wake wa kiume wa tumbo moja. Huyu walimwita Vidole. Akishika kibodi utadhani mvua imeanguka kwenye bati. Alikuwa mrefu, mcheshi, mwepesi wa kusaidia, mtu asiyejua kumwambia mwenzake hapana. Dada alikuwa amembeba mgongoni utotoni, akamfundisha kusoma, akamfunga kamba za viatu siku yake ya kwanza shuleni. Sasa waliishi nyumba moja na mama yao mzee, wakaenda kazini kwa miguu pamoja, na njia nzima walibishana. Jirani mmoja alisema akisikia sauti zao hahitaji saa.

Ubishi wao mkubwa ulihusu utaratibu.

Miaka ya nyuma kampuni ilikuwa ikiendeshwa kwa bahati na kwa jasho la watu. Waliwahi kuijengea idara ya maji mfumo wa kuwahudumia wateja. Bwana mmoja wa idara alikuwa akipiga simu kubadili hiki na kile. Simu ilipokewa na yeyote aliye karibu. Aliyepokea akamwambia mwenzake pale mlangoni, na mwenzake akakumbuka nusu. Mfumo ulipokamilika, idara iliutazama kama mtu aliyeletewa kiatu cha jirani. Wakarushiana lawama, vijana wawili hodari wakaacha kazi kwa uchovu, na Vidole, aliyekuwa akilala chini ya meza siku za mwisho, akakonda mpaka mama yao akadhani anaumwa.

Baada ya aibu hiyo Mkurugenzi alihudhuria semina akarudi na kitu kipya: modeli ya ukomavu wa michakato. Ina ngazi tano, akawaeleza, amesimama mbele ya ubao na tai imekaa upande. Kampuni iliyo ngazi ya kwanza hufaulu pale tu inapokuwa na mashujaa wa kujiua kwa kazi. Wakiondoka hao, nayo imeondoka. Ngazi ya pili, kila mradi unajua umeombwa nini na nani, na neno likibadilika linabadilika mbele ya macho ya wote. Ya tatu, si mradi mmoja mmoja tena, nyumba nzima ina njia moja ya kufanya kazi. Zile za juu zaidi hata yeye hakuziota. Lakini ya tatu aliitaka, kwa sababu wateja wakubwa walikuwa wameanza kuuliza, "Ninyi mko ngazi gani?"

Wengi waliona cheti. Mama Kwani aliona kitu ambacho moyo wake ulikuwa ukikisema siku zote bila kuwa na jina. Aliipokea kazi hiyo kwa mikono miwili. Kila hitaji likapata namba yake na mwenyewe, na kutoka kwenye hitaji ukaenda uzi: ukiuvuta unafika kwenye programu, ukizidi kuuvuta unafika kwenye jaribio lililothibitisha kwamba kilichoombwa ndicho kilichofanywa. Anayetaka kubadili kitu anapeleka ombi, na kamati ya mabadiliko inakaa kila Alhamisi kuliamua. Ngazi ya pili waliipata, na keki ikakatwa.

"Dada, wewe unataka hata nikitaka kupiga chafya nijaze ombi," Vidole alimwambia njiani.

"Ukipiga chafya kwenye mfumo wa mtu, ndiyo."

"Na kama pua inawasha sasa hivi?"

"Unajibana mpaka Alhamisi."

Wakacheka. Walikuwa wanaweza kucheka wakati huo.

Kisha ikaja kazi ya hospitali, mfumo wa wodi ya watoto. Mama Kwani alihamia huko kabisa. Alikaa kwenye benchi la kijani karibu na mlango, akiangalia wauguzi wanavyopishana na masinia ya dawa, akiuliza akipata nafasi. Mwenye wodi alikuwa Sista Mkuu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha jengo zima na mikono laini kupita kiasi. Mwanzoni alimwona Mama Kwani kama inzi. Baadaye akawa anamwekea kikombe cha chai bila kuulizwa.

"Dawa ya mtoto inakwenda kwa uzito wake," Sista Mkuu alimweleza. "Mtoto mzito, dawa nyingi, mwepesi, kidogo. Kompyuta yenu itupigie hesabu hiyo."

"Kwani uzito wa lini, Sista?"

"Wa leo! Mtoto si gunia la saruji. Leo yuko hivi, akiharisha usiku kesho amenyauka. Bila uzito wa leo sitaki hesabu yoyote."

Ndivyo lilivyoandikwa hitaji, karibu kwa maneno yake mwenyewe: mfumo usikokotoe kipimo cha dawa mpaka uingizwe uzito wa siku hiyo. Vidole aliandika programu yake, jaribio likafanywa, Sista akaweka sahihi. Mfumo ukaanza kazi na kwa muda watu wa wodi wakaupenda.

Tatizo lilianza na mizani. Ya wodi ile iliharibika, ikabaki moja ya kugawana na wodi ya jirani, ng'ambo ya korido ndefu. Sasa muuguzi anasimama mbele ya skrini, mtoto analia, mizani iko kwa wenzao, na mfumo umegoma. Sista Mkuu alituma ombi la badiliko kwa njia halali kabisa. Mama Kwani akaliandikisha, akampigia simu.

"Nimelipata, Sista. Alhamisi linaingia kamatini."

Alhamisi haikuja, au tuseme ilikuja na mambo mengine. Wakaguzi wa ngazi ya tatu walikuwa njiani, na Mkurugenzi alikuwa amegeuza kila kikao kuwa mazoezi ya kujibu maswali yao. Kuta zilijaa chati. Watu walikaririshana sera ya kampuni wakipanda na kushuka ghorofani kama wanafunzi wa mtihani.

"Mahitaji yote tumeyafunga kwa sasa," Mkurugenzi alisema. "Wakaguzi wasikute kitu kinachezacheza."

"Bosi, kuna watu wanasubiri jibu. Hata tukiwaambia hapana, watajua pa kusimama. Watatafuta mizani nyingine."

"Nimekusikia, Mama Kwani. Wakishaondoka tutakaa nayo yote, moja moja. Nisaidie kwanza tuvuke hapa."

Alirudi kwa Mkurugenzi wiki iliyofuata, akajibiwa yale yale. Akamwambia Sista avumilie kidogo. Sista akajibu kwa sauti ndogo isiyo yake, "Sawa, dada," na simu ikakatika.

Siku hiyo Vidole alikuwa ameitwa hospitalini kurekebisha printa. Alipomaliza, Sista Mkuu alimshika mkono akamwingiza wodini.

"Mwanangu, hebu angalia. Vitanda vyote hivyo, na vingine wamelazwa wawili wawili. Mizani moja kwa wodi mbili. Mtoto anatakiwa sindano, mfumo wenu umenuna. Dada yako ananiambia vumilia. Mimi nitavumilia. Na hawa?"

Vidole aliangalia. Mtoto mmoja alikuwa amelala mdomo wazi, nzi anamzunguka, na mama yake anampepea kwa kipande cha boksi. Hakuwa mtu wa kuangalia kitu kama hicho halafu akaondoka.

"Unataka iweje, Sista?"

"Mfumo uniletee uzito wa mwisho wenyewe. Basi. Nisianze upya kila mara."

Alikaa pale pale kwenye kiti cha muuguzi. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo kwa mtu kama yeye. Chai aliyopewa haikuwahi kupoa. Sista Mkuu akapiga makofi, akamwita daktari, wauguzi wakacheka, na Vidole akatoka akipiga mluzi. Njiani kuelekea nyumbani alitaka kumwambia dada yake. Akaona atazua ubishi wa njia nzima, na dada mwenyewe uso umemshuka kwa uchovu wa maandalizi. Akajiambia wakaguzi wakishaondoka atajaza ombi, atagombezwa, yataisha.

Kulikuwa na mshonaji mmoja, mwanamke kijana aliyefanya kazi kwenye kibaraza cha nyumba yake, na binti yake mdogo aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kuunganisha maneno. Mtoto huyo aliwahi kupimwa pale hospitalini alipokuwa mnene, mashavu yamejaa, kila mtu anataka kumbeba. Halafu likaja tumbo la kuendesha, likafuatiwa na homa. Mama yake alipomrudisha hospitalini alikuwa mwepesi kama nguo iliyokauka. Mizani ilikuwa wodi ya jirani. Muuguzi wa zamu, mgeni katika wodi, alifungua faili la mtoto na kukuta uzito umeshakaa mahali pake. Hakuwa na sababu ya kuutilia shaka. Mfumo ulisifika kwa ukali wake juu ya uzito. Alibonyeza, kipimo kikatoka, sindano ikapigwa. Ikapigwa kesho yake, na siku zilizofuata.

Ilikuwa ile dawa kali ambayo ikizidi hula figo na masikio.

Homa ilishuka. Mshonaji alifurahi, akaanza kufunga vitu vyake kwenye kikapu. Mtoto alikuwa amekaa kitandani akichezea kifuniko cha chupa, ameelekea dirishani. Mama akamwita. Akamwita tena, kwa lile jina la kubembeleza ambalo siku zote lilimfanya ageuke akicheka. Mtoto akaendelea na kifuniko chake. Daktari alipokuja alisimama nyuma ya mtoto akaangusha sinia la chuma sakafuni. Wodi nzima ilishtuka. Mtoto hakupepesa macho.

Daktari akasoma faili. Akamwangalia mtoto, akaangalia namba, akaangalia tena mtoto. Kisha akaagiza mizani iletwe.

Simu ilipofika ofisini, kila mtu aliacha alichokuwa akikifanya. Mama Kwani alifungua hitaji, akauvuta uzi wake. Hitaji lilisema uzito wa siku hiyo. Jaribio lilisema uzito wa siku hiyo. Sahihi ya Sista ilikuwepo. "Haiwezekani," alisema. "Mfumo hauwezi kupiga hesabu bila—"

Nyuma yake, chumba cha pili, kiti kilisogea. Vidole alikuwa amesimama mlangoni, mikono imening'inia kama si yake.

"Ni mimi," alisema. "Nilibadili mimi. Sista aliniomba, nikaona ni kitu kidogo. Uzito wa mwisho."

"Kwani wa mwisho ni wa lini?"

Swali lilimtoka lenyewe, kwa mazoea, kwa sauti ile ile ya upole anayowaulizia wateja. Angeweza kulirudisha mdomoni angelirudisha. Vidole alimwangalia.

"Sikuuliza, dada. Nilidhani wa jana, wa juzi. Sikuuliza."

Mkurugenzi alikaa chini, akashika kichwa. Hakuna aliyemfokea Vidole. Kelele zingekuwa nafuu.

Hospitali iliunda jopo la uchunguzi. Walikaa kwenye chumba cha mikutano chenye feni isiyozunguka, mwenyekiti wao daktari mzee wa macho makali. Vidole alisema yote, hakupunguza wala hakumsingizia mtu. Sista Mkuu alisema yake akilia. Zamu ya Mama Kwani ikafika. Kabla hajaingia, Mkurugenzi alimvuta pembeni. Hakuwa mtu mbaya. Usiku uliopita alikuwa ameonekana akikaa peke yake kwenye gari nje ya hospitali.

"Nakuomba kitu kimoja," alisema. "Jibu ulichoulizwa. Usiongeze. Kuna watu wengi wanaotegemea ile ofisi."

Akaingia.

"Badiliko hili liliidhinishwa na kampuni yenu?" mwenyekiti aliuliza.

"Hapana."

"Lilijaribiwa?"

"Hapana."

"Aliyelifanya alijua kuna utaratibu wa kufuata?"

Vidole alikuwa amekaa mstari wa mbele, anaangalia viatu vyake. Mama Kwani akamgeukia mwenyekiti. "Alijua," alisema.

"Ahsante, mama. Unaweza kukaa."

"Sijamaliza."

Mkurugenzi alikohoa. Mama Kwani hakumgeukia. Alieleza kwamba Sista Mkuu alileta ombi lake kwa njia halali, mapema, na kwamba ombi lilikaa kwenye kampuni bila jibu, kwa sababu kamati iliyotakiwa kukaa haikukaa, kwa sababu walikuwa wanajiandaa kuonyesha jinsi kamati yao inavyokaa. "Mdogo wangu alivunja utaratibu," alisema. "Lakini siku hiyo utaratibu wenyewe haukuwepo. Tuliusimamisha sisi. Naomba na hilo liandikwe."

Liliandikwa. Taarifa ya jopo ilipotoka, lile la kwanza lilikuwa ukurasa wa mbele kwa herufi nene: mtumishi mmoja alikiuka utaratibu uliokuwepo. Lile la pili lilikuwa nyuma kabisa, kwenye viambatisho, sentensi moja isiyo na mtu ndani yake: kulikuwa na ucheleweshaji wa vikao. Vidole aliachishwa kazi. Sista Mkuu alihamishiwa stoo ya hospitali kuhesabu mashuka. Sauti ile ya kuamsha jengo ikawa inaita namba za marobota.

Nyumbani, mama yao hakuelewa mambo ya mifumo, wala hakutaka kueleweshwa. Alielewa kwamba binti yake alisimama mbele za watu akaulizwa kuhusu mdogo wake, na akajibu.

"Ungesema hukumbuki," alisema. Alikuwa amekaa kitandani, anakunja kitenge kilichokwisha kukunjwa. "Neno moja tu. Sikumbuki. Nani angekupasua kichwa aangalie?"

"Mama, alishasema mwenyewe."

"Yeye aseme yake. Wewe ni dada yake."

Mama Kwani alikwenda jikoni akaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Vidole alifunga nguo zake kwenye begi la mgongoni siku chache baadaye, asubuhi, jua limeshapanda. Dada alimkuta kwenye kizingiti akihangaika na zipu.

"Unakwenda wapi?"

"Nimepata kazi kwa mchomelea mageti. Mji wa pili huko."

"Umenikasirikia?"

Aliiacha zipu. "Hukusema uongo hata kidogo, dada. Na ulinitetea, nilikusikia. Sina pa kukukasirikia." Akavuta pumzi. "Ila nikikuangalia usoni nasikia lile swali. Kila saa. Niache nikae mbali."

Dada alitaka kumshika. Alinyoosha mkono, akaishia kuirekebisha kola ya shati lake kama zamani za shule, na Vidole akakubali kurekebishwa, kisha akashuka barabarani. Kuanzia hapo Mama Kwani alikwenda kazini peke yake.

Wakaguzi walikuja. Walikuwa watatu, wapole, wenye maswali mazuri. Siku nyingine angewafurahia. Katika kuchagua mifano ya kuchunguza, waliichagua ile ile ya wodi ya watoto. Walitaka kuona kampuni ilivyoligundua kosa, ilivyofuata chanzo chake, ilivyozuia lisitokee tena. Mama Kwani aliwaonyesha yote. Alikuwa amelazimisha utaratibu mpya: ombi linalogusa mgonjwa linajibiwa siku hiyo hiyo, awepo mkaguzi asiwepo, na Mkurugenzi aliutia sahihi bila kubisha neno.

"Tumepita kampuni nyingi," mkaguzi mkuu alisema. "Kwingine wanatafuta chanzo kwa miezi. Ninyi mliwezaje kukijua siku ile ile?"

"Aliyefanya alisimama akatuambia."

Mkaguzi alitikisa kichwa kwa heshima akaandika. Baadaye, katika maelezo yake ya mwisho mbele ya wafanyakazi wote, alisema kampuni imejenga utamaduni wa uwazi, ambapo mtu haogopi kusema kosa lake, na kwamba huo ndio ukomavu wenyewe. Wakapewa ngazi ya tatu. Watu wakapiga makofi. Wengine walipiga huku wakimwangalia Mama Kwani kwa pembe ya jicho, wakapunguza, wakaendelea. Mkurugenzi alimwita mbele akashike cheti wapigwe picha. Alikishika. Kwenye picha, iliyotundikwa mapokezi, anaonekana kama mtu aliyeombwa kushikilia kitu cha mwenzake kwa dakika moja.

Aliendelea na kazi. Watu walishangaa kwamba hakuacha, na yeye mwenyewe hakuwa na maelezo mazuri. Alikuwa akiuliza maswali yake kama kawaida, ila lile neno la "kwani" lilimwisha. Vijana wapya walioingia hawakujua jina lake lilitoka wapi.

Ilimchukua muda mrefu kujikaza aende kwa mshonaji. Alikuta kibaraza, cherehani, vitambaa vya rangi chini. Mtoto alikuwa amekua. Alikuwa akipanga vifungo kwenye ngazi, na pikipiki ilipopita nyuma yake kwa kishindo hakugeuka. Mama Kwani alijitambulisha. Mshonaji alisimamisha cherehani kwa kiganja.

"Unataka nini?"

Ndilo swali ambalo Mama Kwani alipata riziki kwa kuwauliza wenzake. "Sijui," alisema. "Nimekuja kukuona. Nimekuja kusema pole. Najua haisaidii."

"Haisaidii." Mshonaji aliondoa uzi kwenye sindano, akaurudisha. "Lakini kaa. Umetembea juani."

Alikaa kwenye stuli. Cherehani ikaanza tena, ikasimama.

"Mdogo wako anakuja," mshonaji alisema. "Jumapili."

Mama Kwani aliinua uso.

"Mara ya kwanza nilimfukuza. Nilimrushia mkasi, nikamkosa. Akarudi. Nikamwacha akae pale chini kwenye ngazi, sikumpa hata maji. Anakwenda shule ya viziwi huko aliko, anajifunza zile ishara za mikono, halafu anakuja kumfundisha mtoto. Na mimi wananifundisha, wote wawili, mimi ndiye mzito." Alitaka kutabasamu, ikakataa. "Sijamsamehe. Usije ukafikiri nimemsamehe. Ila mtoto akiona Jumapili imefika anakaa hapo ngazini tangu asubuhi. Nifanyeje sasa?"

Jumapili iliyofuata Mama Kwani alikwenda. Alisimama upande wa pili wa barabara, chini ya upenu wa duka lililofungwa. Vidole alikuwa amekaa kwenye ngazi, mtoto mbele yake. Mikono yake ilikuwa imejaa makovu madogo ya cheche za kuchomelea. Vile vidole vilivyokuwa vikikimbia kama mvua vilikwenda polepole, kimoja kimoja, vikasubiri, vikarudia. Mtoto alimkosoa. Alimshika kidole gumba akakikunja anavyotaka kiwe, kisha akacheka, kicheko kikubwa kisichojua ukubwa wake.

Vidole aliinua macho akamwona dada. Hakushangaa sana. Alimwonyesha mtoto ishara fulani, akainuka, akavuka barabara.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekonda."

"Kazi ya moto."

"Nyumbani pako papo. Chumba chako hatujakigusa."

"Najua." Aliangalia nyuma, mtoto alikuwa amesimama, mikono kiunoni, anamsubiri. "Sista Mkuu yuko wapi siku hizi?"

"Stoo bado. Nilikwenda kumwona. Anaumwa miguu."

Vidole alitikisa kichwa mara kadhaa. Ilionekana kama ana neno jingine, na dada akalisubiri kwa ule uvumilivu wake wa kazini. Halikuja. "Nimemwambia narudi sasa hivi," alisema hatimaye. "Akisubiri sana anadhani nimeondoka. Siwezi kumwita akiwa amegeuka, unaona."

"Nenda."

Akavuka. Mama Kwani alibaki kidogo, akiangalia mikono yao ikisemezana, hajui hata neno moja. Kisha akaondoka.

Nyumbani mama yao alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango. Macho yake yalikuwa yameishiwa nguvu, lakini alijua hatua za binti yake.

"Umemwona?"

"Nimemwona, mama."

"Amekonda?"

"Kidogo. Ana afya."

Mama alipapasa mkono wa kiti.

"Aliniulizia?"

Mama Kwani alivua viatu, akaviweka sawasawa ukutani.

"Alikuulizia," alisema. "Ndilo neno lake la kwanza."